Kuikinga Nyumba na Mchwa

Wananchi wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kuwa boriti iliyoliwa na mchwa huweza kuonekana nzima kwa nje, hata rangi yake haijabanduka, ilhali ndani limebaki ganda tupu. Dari huanguka ghafla, na walalao chini yake ndio waumiao.

Dalili hutafutwa ukutani. Mchwa wa ardhini hawastahimili hewa kavu, hivyo hujijengea vijia vya udongo, vyembamba kama penseli, kutoka ardhini hadi kwenye mbao. Kila mwenye nyumba akague kuta, nguzo na miimo ya milango, hasa nyuma ya makabati ambako ufagio haufiki. Kijia kivunjwe, kikijengwa upya baada ya siku chache, mchwa wangali wamo. Kukipangusa tu hakutoshi, kwani kiota kimo ardhini.

Kinga kubwa ni kuutenga mti na udongo. Nguzo isimamishwe juu ya msingi wa mawe au zege. Kuni na makuti makuukuu yasiegemezwe ukutani. Paa linalovuja lizibwe kabla ya masika, maana unyevu huwavuta. Boriti za mkoko hustahimili zaidi, lakini nazo zisiachwe zikilowa.

Dieldrini, iliyokuwa ikimwagwa misingini zamani, imepigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Sumu hiyo hukaa ardhini miaka mingi na huingia hata katika maziwa ya mama. Mwenye mabaki yake asiyatumie wala kuyamwaga, bali amwarifu Bwana Shamba.