Udongo wa Mfinyanzi na Asili ya Uhai

Tumesikia ya kuwa waalimu wengine katika sharika za Karagwe na Kyerwa huwaambia wanafunzi wao, "Wataalamu wamegundua ya kuwa uhai ulitoka katika udongo, basi habari ya kitabu cha Mwanzo imehakikishwa." Ndugu, tusiende mbio. Yafaa tujue kwanza wataalamu wamesema nini.

Kila mfinyanzi ajua ya kuwa udongo wake hushika maji na kuteleza vidoleni. Sababu ni hii: umefanyizwa kwa vipande vidogo mno, vyembamba, vilivyolaliana kama kurasa za kitabu. Iko aina moja iitwayo montimoriloniti, ambayo mara nyingi hutokana na majivu ya volkano. Maji huingia kati ya kurasa zake, nayo huvimba. Udongo mweusi upasukao wakati wa kiangazi na kunasa magari wakati wa masika ni wa jamaa hiyo.

Mwaka 1951 J. D. Bernal, mtaalamu wa Uingereza, aliandika ya kuwa chembe zilizohitajiwa na uhai, zikitawanyika baharini, ni vigumu kukutana; lakini udongo huzivuta juu ya kurasa zake, zikakusanyika kama watu siku ya gulio. Mwaka 1996 James Ferris na wenzake huko Marekani walilijaribu jambo hilo. Walitia chembe katika udongo ule siku kwa siku, zikaungana kuwa minyororo ya chembe zaidi ya 50, ya namna ya RNA, kitu kichukuacho maagizo ndani ya viumbe hai. Mwaka 2003 wengine wa huko wakaona ya kuwa udongo huo huo huharakisha asidi za mafuta kujikunja kuwa vifuko vidogo.

Hayo ni makubwa, wala hatuyadharau. Lakini chembe zile zilikuwa zimetayarishwa na watu kwa ustadi kabla ya kutiwa udongoni, wala hakuna kitu chenye uhai kilichotoka chomboni mwao. Nacho kitabu cha Mwanzo chasema habari za mtu, si za chembe. Mwalimu akiyategemeza Maandiko kwa jaribio la leo, atawaambia nini wanafunzi likipinduliwa kesho?

Tena mtu asivionyeshe vilima vyetu akisema, "Ni udongo huu." Mawe ya Karagwe yenye tabaka yalikuwa tope kweli, zaidi ya miaka milioni 1,000 iliyopita. Lakini alama za viumbe hai zilizoonekana katika mawe ya Australia zina umri wa miaka milioni 3,500 hivi. Tope letu lilipotua chini ya maji, viumbe hai vilikuwa vimekwisha kuwako duniani siku nyingi mno.