Hatua 10 za Kuonyesha na Kuelewa "Black Panther: Wakanda Forever" Mbwera

Mwongozo huu ni wa mwandaaji anayetaka kuonyesha filamu hii usiku mmoja Mbwera, katika delta ya Rufiji, Tanzania, barazani, kwa runinga moja inayotumia sola. Filamu iliongozwa na Ryan Coogler, ikatoka Novemba 2022, na ina dakika 161. Wengi huingojea kwa sababu ya mapigano ya mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Mapigano yapo, lakini kiini chake ni msiba. Chadwick Boseman, aliyeigiza Mfalme T'Challa wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na umri wa miaka 43. Wenzake wakaujenga msiba huo ndani ya hadithi. Kwa hiyo filamu hii itazamwe kama matanga: tangu kifo hadi kuanua.

Istilahi

- Mfasiri: mtu mmoja anayeeleza kwa Kiswahili filamu ikiendelea.
- Kimya: kipande ambacho mfasiri hatamki neno.
- Kituo: mahali filamu inaposimamishwa kwa dakika 10.

Hatua

1. Pima umeme. Jumlisha wati: runinga 50, deki 15, spika 35, jumla 100. Zidisha kwa saa 3.5, upate wati-saa 350. Ongeza asilimia 20 zinazopotea kwenye inveta: 420. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200. Tumia nusu tu, yaani 600. Ukaguzi: betri imejaa kabla ya jua kuzama.

2. Uliza saa za maji. Onyesho likianza saa 2:30 usiku, baada ya sala ya isha, litaisha karibu saa 6:00. Chagua usiku ambao boti za watazamaji kutoka ng'ambo zitaendelea kuelea hadi saa 6:30. Ukaguzi: nahodha amethibitisha kwamba maji hayatakuwa yamekupwa.

3. Kagua nakala. Tafuta yenye sauti asilia, isiyoingizwa maneno ya mfasiri. Ifungue mwanzoni: baada ya mazishi ya T'Challa, nembo ya Marvel inapita na picha za Boseman bila muziki. Ukaguzi: ukisikia mtu akizungumza hapo, nakala hiyo haifai.

4. Chagua mfasiri. Kazi hii ina heshima yake nchini. Kapteni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliipatia hadhira kubwa. Tazama naye filamu yote kabla ya onyesho. Mpe majina manne ya kuyashika: Shuri, dada yake T'Challa; Ramonda, mama yao; Namor, mtawala wa Talokan, nchi iliyo chini ya bahari; na Nakia, anayeigizwa na Lupita Nyong'o wa Kenya. Ukaguzi: mfasiri anakutajia Vimya vitatu na Vituo vitatu bila kusoma.

5. Tangaza tahadhari kabla ya kuwasha. Sema wazi kwamba katika filamu hii mtu anakufa maji. Delta ina familia zilizopoteza watu majini. Wana haki ya kujua mapema. Watoto walio chini ya miaka 13 wakae na mzazi. Ukaguzi: kila aliyefika amelisikia tangazo.

6. Washa filamu na ushike Kimya cha 1, tangu mazishi yanapoanza hadi nembo ipotee. Waombe watazamaji wafuatilie nguo nyeupe za mazishi. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi, alipata tuzo ya Oscar kwa filamu hii mwaka 2023. Ukaguzi: hakuna aliyezungumza.

7. Simamisha kwenye Kituo cha 1. Mwaka umepita, Ramonda na Shuri wako ukingoni mwa maji, mama anataka wachome nguo za msiba, binti hayuko tayari, kisha Namor anatokea. Acha mazungumzo yao yaishe, ndipo usimamishe. Uliza: "Kwa nini Shuri hawezi kuanua?" Ukaguzi: kila jibu linataja tendo au neno lililoonekana, si dhana tupu.

8. Simamisha kwenye Kituo cha 2, Namor anapomaliza kumsimulia Shuri asili yake: ndui iliyowapata watu wa mama yake, kuhamia majini, kisha siku aliyompeleka mama yake kuzikwa nchi kavu na kukuta watu wake wakitumikishwa shambani. Aliliteketeza shamba lile. Uliza: "Shuri na Namor wanafanana wapi?" Ukaguzi: angalau jibu moja linaunganisha msiba na moto.

9. Shika Kimya cha 2 Ramonda anapokufa maji baada ya kumwokoa Riri, mwanafunzi Mmarekani anayewindwa na Namor. Endelea hadi Shuri anapokunywa dawa ya mmea, inayomkutanisha mtu na wafu wake, na kumwona Killmonger, mtoto wa baba yake mdogo, badala ya mama yake. Hicho ni Kituo cha 3. Uliza: "Moyo wa Shuri ulikuwa unatafuta nini hata akatokewa na huyu?" Ukaguzi: watazamaji wametaja kisasi wenyewe, mfasiri asiwatangulie.

10. Shika Kimya cha 3 tangu Shuri anapofika ufukweni Haiti hadi mwisho. Usizime majina yanapoanza kupita. Kuna onyesho moja katikati ya majina hayo, nalo linakamilisha hadithi ya msiba. Zima runinga, kisha uliza: "Nini kilimwezesha Shuri kuanua?" Ukaguzi wa mwisho: jibu sahihi linataja mambo mawili, kumwacha Namor hai na kuchoma nguo nyeupe, na linaeleza kwa nini la kwanza lilitangulia la pili. Watazamaji wakitaja pigano pekee, rudia kesho yake kuanzia Kituo cha 3.