Uchungu wa Mwenzako Waujuaje?

Nianze na nyumba moja ninayoifahamu. Bibi alifiwa na mamake. Bwana alisimamia matanga vizuri: jeneza lilinunuliwa, wageni walikula, hema likarudishwa kwa mwenyewe. Miezi mitatu baadaye alimkuta bibi yake akilia jikoni. Akamwuliza, "Bado?" Tangu siku hiyo bibi alizungumza naye mambo ya karo na unga tu.

Je, bwana huyu hakuwa na huruma? Wazee wetu husema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Hebu tuone kama ubongo wetu unakubaliana nao.

Mwaka 2004, huko London, mtaalamu Tania Singer na wenzake waliita jozi 16 za wapenzi. Mwanamke alilazwa ndani ya mashine ya sumaku inayoonyesha ni sehemu gani za ubongo zinafanya kazi, naye mwanamume akaketi karibu. Kila mmoja alifungwa waya mkononi, wa kumtia umeme kidogo wa kuuma. Mwanamke hakuuona uso wa mwenzake. Aliona mikono yao tu, na alama ya kumjulisha ni nani atakayeumizwa.

Alipoumizwa mwenyewe, sehemu nyingi za ubongo ziliamka. Alipojua kwamba anayeumizwa ni mwenzake, baadhi ya sehemu zile zile ziliamka tena. Moja, iitwayo insula, imefichika ndani ya mkunjo ubavuni mwa ubongo. Nyingine iko katikati, kuelekea mbele. Hizo zinahusika na ule ubaya wa maumivu unaomfanya mtu akunje uso. Lakini sehemu zinazotambua ni wapi panapouma, na kwa nguvu gani, zilitulia. Yaani uchungu wa mwenzako waweza kuuhisi kweli, ila mahali panapouma hupajui mpaka akuambie. Basi wazee walisema kweli, lakini nusu yake.

Mabwana watasema, "Sisi hatukupimwa." Mlipimwa mwaka 2006! Safari hiyo wanaume na wanawake walicheza kwanza mchezo wa pesa na watu wawili, mmoja mwaminifu, mwingine mdanganyifu. Kisha wakaona wote wawili wakitiwa umeme. Mwaminifu alihurumiwa na wote. Lakini mdanganyifu alipoumia, zile sehemu za huruma katika ubongo wa wanaume zilipungua nguvu, na sehemu za kufurahia zikaamka. Waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo mabibi wasijivune upesi. Mimi nalichukulia kama onyo juu ya kinyongo. Ukiwa bado unamdai mwenzako kosa la mwaka juzi, machozi yake ya leo hayatakufikia.

Liko jambo lingine. Ubongo ni kama sehemu 2 tu kwa 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 kwa 100 za nguvu zake, hata ukiwa umekaa kimya. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake, huko St. Louis, Marekani, walieleza kwamba kuna sehemu ambazo hufanya kazi zaidi mtu anapopumzika kuliko anaposhughulika na kazi ya nje. Sehemu hizo zinakaribiana sana na zile tunazotumia kukumbuka ya jana na kufikiri mwingine ana nini moyoni. Na mwaka 2020 wataalamu wa Los Angeles walionyesha kwamba kwa kutazama mawasiliano ya ubongo uliotulia, waliweza kukisia kwa kiasi fulani jinsi mtu anavyowajali wenziwe.

Sasa jiulize, ubongo wako wewe hutulia saa ngapi? Ukifika nyumbani ni redio, habari zikiisha ni simu, mpaka usingizi. Sisemi kwamba ukizima simu leo utakuwa mwenye huruma kesho; hilo mashine haijasema. Lakini mtu asiye na hata robo saa ya kukaa kimya atamfikiria bibi yake lini?

Yule bwana tuliyeanza naye hakupewa dawa yoyote. Jioni moja aliketi jikoni, mahali pasipokuwa pake kwa kawaida, akanyamaza. Halafu akauliza, "Mama alikuwa akiwapikia nini mlipokuwa wadogo?" Bibi alianza na viazi vitamu, akasimulia mpaka chai ikapoa.