WATOTO WADOGO NA SIKU ZA IDI KATIKA NYUMBA ZETU
Darsa kwa wazee wa Voi na Taita

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika Surat at-Tahrim, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamrisha walioamini wajikinge na Moto, wao na watu wao wa nyumbani. Wanavyuoni wameeleza kwamba kinga hiyo ni kuwafundisha watu wa nyumbani dini na adabu. Wengi wetu tukisikia neno kufundisha, fikira zetu huenda moja kwa moja chuoni. Mtoto akishapelekwa kwa mwalimu na ada ikalipwa, twaona mzigo tumeutua. Lakini mtoto wa miaka minne au mitano bado hajui kusoma. Kazi yake ni kutazama. Wala hakuna siku anazotazama kwa makini kuliko siku za Ramadhani na Idi, kwani siku hizo nyumba yote hugeuka: saa za chakula hubadilika, baba hurudi safari, mama hukesha jikoni, na majirani huingia na kutoka. Basi atakayoyaona siku hizo ndiyo atakayoyadhani kuwa ndiyo dini. Akiona ukweli na huruma, ataijua dini kwa ukweli na huruma. Akiona ukali, uongo na fakhari, ataijua kwa hayo. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza katika darsa hii.

HALI YA NYUMBA ZETU

Mji wetu wa Voi ni mji wa njia. Misafara ya zamani ilipita sehemu hizi kabla ya reli. Kisha ikaja reli, ambayo kazi yake ilianza Mombasa mwaka 1896. Na katika vita vya kwanza vya dunia likatolewa hapa tawi la kwenda Taveta. Mwaka 2017 reli mpya ilianza kuchukua abiria, na katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi magari hayakatiki usiku wala mchana. Kwa hivyo baba wengi riziki yao iko njiani au iko mbali: huyu ni dereva wa lori, yule yuko Mombasa, mwingine yuko katika mashamba ya mkonge ya Mwatate. Mama hubaki peke yake na watoto mwezi mzima wa saumu, katika joto la nyika na taabu ya maji, kisha baba hutokea siku mbili kabla ya Idi, amechoka na mfuko wake ni mwepesi.

Jambo la pili ni kuwa nyumba zetu nyingi zina jamaa wa dini mbili. Wamishionari wa Kiingereza walifika Sagalla mwaka 1883, na Wakatoliki wakaweka misheni yao Bura mwaka 1892. Basi si ajabu mtoto wa Kiislamu wa mtaa wa Sofia au Kaloleni kuwa na nyanya na wajomba huko Wundanyi au Mgange ambao ni Wakristo. Mambo haya mawili ndiyo yanayozaa maswali tunayoulizwa kila mwaka, nasi tutayajibu moja moja.

LA KWANZA: SAUMU YA MTOTO

Saumu haimlazimu mtoto mpaka abaleghe. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mtoto aliyefika miaka saba huamrishwa kufunga akiwa aweza, ili azoee. Neno akiwa aweza lisisahauliwe. Kuna wazee ambao humfungisha mtoto mchanga apate kusifiwa mtaani, na akilia kwa kiu humwambia kwamba Mungu atamchoma. Hii si malezi. Mtoto huyo haogopi dhambi. Ajifunzalo ni kunywa maji kwa kujificha, na hapo ndipo unafiki unapopandwa.

Tutazame walivyofanya masahaba. Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) ameeleza, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, nao wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi, mtoto akililia chakula humpa kitu hicho apitishe nacho wakati. Mama hao hawakutumia kiboko wala matisho. Basi mtoto akifunga mpaka adhuhuri, mwambie amefanya vyema, umpe chakula chake, wala usiwaache kaka zake wamcheke.

Na hapa kuna neno kwa watu wa msikitini. Mama akija katika tarawehe na mtoto, na mtoto akalia, asigeukiwe kwa macho makali. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala akitaka kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha kwa kumwonea huruma mama yake. Naye amesali hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainab. Akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Ikiwa imamu wa maimamu wote amefanya hayo, sisi ni nani hata tumfukuze mtoto msikitini?

LA PILI: AHADI NA NGUO

Tangu Shaabani mtoto huambiwa, "Nyamaza, Idi nitakununulia viatu." Akilia huambiwa, "Idi tutakwenda Mombasa kwa treni." Maneno haya ni mepesi kwa msemaji, lakini mtoto huyahesabu. Abdullah bin Amir (R.A.) amesimulia kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) amekaa nyumbani kwao. Mtume akamwuliza mama yule alitaka kumpa nini. Akajibu kuwa alitaka kumpa tende. Akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Izingatieni, ndugu zangu: kwa tende moja na mtoto mdogo, uongo huandikwa. Basi je, uongo wa viatu, na wa kanzu, na wa safari?

Asiyekuwa na uwezo na aseme, "Mwanangu, mwaka huu hatuna, tutafua kanzu ya mwaka jana, na pilau tutapika." Mtoto atalia kidogo kisha atanyamaza, naye atakuwa amejifunza kuwa neno la babake ni kweli. Hiyo ni faida kubwa kuliko viatu. Sunna ni kuvaa nguo iliyo nzuri katika zile ulizo nazo. Haikushurutishwa kuwa ni mpya.

Balaa lililozidi siku hizi ni mkopo wa simu. Baba huona haya mbele ya majirani, akakopa kwa kubonyeza simu, na kurudisha hurudisha kwa nyongeza. Nyongeza hiyo jina lake twalijua sote, nayo ni riba, ambayo Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara amewatangazia vita wasioiacha. Ni msiba ulioje kumaliza siku thalathini za saumu, kisha kumvisha mtoto kanzu ya riba asubuhi ya Idi, akaenda nayo kusali!

Kadhalika tufanye uadilifu katika kugawa. Nuuman bin Bashir (R.A.) ameeleza kwamba baba yake alimpa kitu yeye peke yake, akaenda kumshuhudisha Mtume; Mtume akamwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposema sivyo, alimwamrisha amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Na baba yule akakirudisha kile alichotoa. Basi mtoto wa kike asipewe leso kuukuu na ndugu yake kanzu mpya, wala yatima anayelelewa nyumbani asitengwe akawatazama wenziwe wakipewa pesa za Idi.

LA TATU: ZAKA YA FITRI

Baba humlazimu kumtolea fitri kila mtoto wake mdogo anayemlisha, hata aliyezaliwa siku ya mwisho ya Ramadhani kabla ya jua kuchwa. Aliyezaliwa baada ya kuchwa hatolewi. Kiasi chake ni pishi moja kwa kila mtu, yaani vibaba vinne, karibu kilo mbili na nusu, katika chakula kinacholiwa zaidi katika mji. Nacho kwetu hapa ni mahindi au mchele. Hutolewa kabla ya sala ya Idi. Kuicheleweshea mpaka jua la siku ya Idi likachwa, bila udhuru, ni haramu.

Wengi wetu humpa mtu pesa njiani, jambo likesha, na mtoto asijue lolote. Nasi twanasihi hivi: pimeni fitri nyumbani, mbele ya watoto. Mtoto mdogo na ashike kibaba, ahesabu kimoja, viwili, vitatu, vinne, aambiwe, "Hii ni yako, na hii ni ya nduguyo." Kisha na afuatane na babake mpaka mlangoni kwa maskini, amwone babake akitoa kwa heshima, hana kelele wala masimango. Vibaba vinne hivyo humfundisha mtoto zaidi ya hotuba nzima, na wala havigharimu zaidi ya ilivyo wajibu.

LA NNE: UWANJA WA SALA NA MCHEZO

Ummu Atiyya (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha wanawake watoke katika Idi mbili, hata wasichana wa ndani na wenye hedhi; wenye hedhi wajitenge na mahali pa kusalia, lakini wahudhurie kheri na dua. Na asiyekuwa na jilbabu aazimwe na mwenziwe. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi mama anayeachwa jikoni asubuhi ya Idi, watoto wamemzunguka nao hawakuiona sala, amenyimwa aliyopewa na Mtume wake. Pilau na iteleke baadaye.

Wapeni watoto tende kabla ya kutoka, kwani Mtume katika Idi ya Fitri hakuwa akitoka mpaka ale tende, kwa hesabu ya witri. Nendeni kwa njia moja mrudi kwa nyingine, huku mkileta takbiri. Na kanzu nyeupe ikiingia vumbi jekundu la Voi kabla ya kufika uwanjani, mtoto asipigwe, vumbi hufuliwa.

Baada ya sala waacheni wacheze. Bibi Aisha (R.A.) alitazama mchezo wa Mahabushi wa mikuki na ngao siku ya Idi, na Mtume amemsitiri, mpaka yeye mwenyewe akatosheka. Na Abu Bakr alipowakemea wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Aisha, Mtume alimwambia awaache, kwa kuwa kila watu wana Idi yao. Dini yetu haikukataza furaha ya halali; iliyoikataza ni maasi. Lakini mchezo una mwangalizi. Kuwapakia watoto wanne juu ya bodaboda moja ili watembee barabara kuu, baina ya malori, si furaha. Ni kuzitupa roho katika maangamizo.

LA TANO: JAMAA WA MLIMANI

Twaulizwa, "Je, nimpeleke mtoto kwa nyanya yake ambaye si Mwislamu?" Jawabu ni kwamba kuunga kizazi ni wajibu. Asmaa binti Abu Bakr (R.A.) alijiwa na mama yake, naye mama ni mshirikina, akamwuliza Mtume kama amuunge, akamwamrisha amuunge. Na katika Surat Luqman, aya ya 15, Mwenyezi Mungu ametukataza kuwatii wazee katika ushirikina, na papo hapo ametuamrisha kukaa nao duniani kwa wema. Abdullah bin Amr (R.A.) nyumbani kwake palipochinjwa mbuzi, aliuliza kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa nyama. Basi ikiwa jirani ana haki hiyo, nyanya aliyemzaa mama yako ana haki gani? Mpelekeeni sahani ya Idi, na Idi ya kuchinja mpelekeeni fungu lake.

Jambo hili litazidi kuhitajiwa. Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua. Na kwa hesabu hiyo mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na Desemba, na katika miaka 2031 na 2032 Krismasi itatukuta ndani ya saumu, wakati ambapo shule zimefungwa na watoto wako mlimani. Mtoto aliyezaliwa juzi atakuwa na akili yake siku hizo. Na afundishwe tangu sasa kusema kwa adabu, "Nyanya, mimi nimefunga," au, "Chakula hiki hatuli, naomba kile." Ibada yao haishiriki, wala hawatukani. Akifundishwa kuwadharau jamaa za mama yake, atakuja siku moja aidharau dini iliyomfundisha dharau hiyo.

KHATIMA

Wahenga wamesema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alijitahidi kuwaandikia watoto wetu vitabu vidogo vya dini kwa Kiswahili ili waifahamu dini yao. Lakini kitabu hukifuata kitendo. Tukifanya haya, yaani kumfungisha mtoto kwa upole, kumwambia kweli, kuepuka riba, kupima fitri mbele yake, kumpeleka uwanjani pamoja na mama yake, na kuwatendea wema jamaa zake wote, tutakuwa tumemfundisha dini kabla hajajua alifu.

Maswali ya kuzungumza katika halaka:
1. Ni ahadi zipi ulizowapa watoto wako mwaka huu, nazo umezitimiza?
2. Ni nani katika mtaa wako ambaye mume wake hatafika siku ya Idi, na watoto wake watapelekwa na nani kusali?
3. Ni jamaa gani wa mlimani ambaye hajapata kuonja chakula cha Idi cha nyumba yako?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe watoto walio kituo cha macho yetu, na atutakabalie saumu zetu. Amin.