USALAMA KAZINI: Kabla ya Kufunga Kabati la Mawasiliano

Ndugu mfanyakazi, nyumbani kwako liko kabati la vyombo. Mtoto akivuta droo zote za juu kwa pamoja, kabati litamwangukia. Kabati si bovu, ila uzito umehamia mbele. Kabati la chuma la mitambo ya mawasiliano lina tabia hiyo hiyo, nalo likijaa huweza kupita kilo 300.

Sisi wa Mabalako tunajua maana ya habari kufika upesi. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu Mangina, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Muda wote huo habari za wagonjwa na majibu ya vipimo zilipaswa kupita kati ya Mangina, Beni na Butembo bila kuchelewa. Mgodini ni vilevile. Mwenzako aliye chini akiomba msaada kwa simu, sauti yake hupita katika kabati hilo. Basi kabla ya kufungua sanduku la kwanza, fanya haya:

1. Chagua mahali. Sakafu iwe ngumu na sawa. Ipime kwa pimamaji. Paa lisivuje. Acha nafasi mbele na nyuma, kwa kuwa mitambo mingi huvuta hewa baridi mbele na kutoa ya moto nyuma. Vumbi la kiangazi likiziba matundu, mitambo huungua.

2. Funga kabati kwenye sakafu kwanza, ndipo uweke mitambo. Vizito vikae chini, hasa betri za akiba; vyepesi juu. Usivute mitambo miwili nje kwa wakati mmoja.

3. Pima na kuandika. Upana wa mtambo wa kabati ni inchi 19, na kila ngazi moja ya kimo ni milimita 44.45. Chora kila mtambo utakaa ngazi gani, usije ukahangaika umeubeba mikononi.

4. Piga hesabu ya umeme. Jumlisha wati zote, ugawe kwa volti. Wati 1,760 kwa volti 220 ni ampea 8. Swichi ya ampea 10 isipewe zaidi ya hapo. Usiunge ralonji juu ya ralonji.

5. Unga waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, kabla ya waya mwingine wowote. Milima ya mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi mara nyingi zaidi duniani. Radi ikinguruma, acha nyaya zinazotoka kwenye mnara.

6. Zima na ufunge swichi kuu kwa kufuli. Ufunguo ukae mfukoni mwako. Kisha pima kwa kipimo kama umeme umekatika kweli. Kumbuka: betri za akiba hubaki na umeme hata jenereta likizimwa.

7. Vua pete na saa. Vaa viatu vya usalama. Mtambo mzito uinuliwe na watu wawili, mmoja akihesabu kwa sauti. Kizima-moto cha gesi ya kaboni kiwe karibu; maji kamwe.

Kapita akikuambia, «Fanya haraka, tutafunga sakafuni kesho,» mjibu kwa heshima kwamba kabati halingoji kesho ili lianguke. Kumwambia hivyo si utovu wa adabu.

Nanyi mama na watoto, jioni ya leo tazameni nyumbani. Je, kabati limeshikizwa ukutani? Vizito viko chini? Ralonji moja imebeba vitu vingapi? Baba akirudi kutoka kazini, mwulizeni naye: kabla ya kugusa waya leo, ufunguo wa swichi ulikuwa mfukoni mwa nani?