Jishone Ulivyo: Vidokezo 9 vya Kutengeneza Sura Yako kwa Vitambaa Baada ya Mwaka Mgumu

Kuna mwaka ambao mtu anaumaliza akiwa hai, lakini hana hamu hata ya kupigwa picha. Pengine umefiwa, umeachika, umepoteza kazi au umeuguza kwa miezi. Kama una vitambaa, sindano na subira, ipo kazi ya mikono inayofaa wakati huo: kushona sura yako mwenyewe kwenye mfarishi. Unaunganisha vipande vya nguo vikatoa uso, unaweka pamba katikati na kitambaa kingine nyuma, kisha unavishona vyote pamoja. Si lazima ujue kuchora, wala huhitaji kuwa fundi. Unachohitaji ni kukubali kujitazama.

1. Anzia kabatini, si dukani

Kusanya nguo za mwaka wenyewe: kanga uliyojifunga msibani, sare ya kazi uliyoiacha, dera la kwenda nalo kliniki, shati la marehemu. Mwaka 1942, huko Gee's Bend, Alabama, Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata na kushona mfarishi wa kujifunika ili aendelee kumkumbuka. Nguo usiyoweza kuivaa tena, na ambayo huna moyo wa kuigawa, hapa ndipo mahali pake. Kikipungua kitu, omba vipande kwa fundi wa mtaani kwenu.

2. Piga picha ya leo

Achana na picha ya harusi au ya mahafali. Kaa kando ya dirisha ili mwanga ukupige upande mmoja, zima flashi, na usitumie programu ya kulainisha ngozi. Usijilazimishe kutabasamu. Kama umekonda au nywele zimekatika, ziache zionekane. Huyo ndiye aliyeuvuka mwaka, na ndiye anayestahili kushonwa.

3. Igawe sura katika vivuli vinne

Igeuze picha kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe, kisha ichapishe kubwa. Karatasi nne za A4 zikiunganishwa zinakupa A2, yaani takribani sentimita 42 kwa 59, na huo ni ukubwa mzuri kwa anayeanza. Chukua kalamu uzungushie sehemu nyeusi kabisa, zenye kivuli, za kati, na zinazong'aa. Zipe namba 1 hadi 4. Ramani hiyo ndiyo itakayokuongoza kukata.

4. Usihangaike na rangi ya ngozi

Wengi hukwama hapa wakitafuta kitambaa cha kahawia kinachofanana na mkono wao. Mtazame Bisa Butler, msanii wa Marekani ambaye baba yake anatoka Ghana. Alisomea uchoraji Howard University, kisha akahamia kwenye vitambaa. Nyuso anazoshona ni za zambarau, buluu, nyekundu na njano, mara nyingi kwa vitenge, na bado unaona watu kamili wenye uhai. Siri iko kwenye giza na mwanga: kitambaa cheusi zaidi kikae penye kivuli, chenye rangi nyepesi zaidi kikae penye kung'aa, rangi iwe yoyote. Vipange mezani, uvipige picha ya nyeusi na nyeupe. Uso ukionekana, umepatia. Kwa nywele na vivuli vizito, kaniki inafaa sana.

5. Loweka kabla ya kukata

Kitenge na kanga mpya huchuja rangi na kurudi. Loweka kila kimoja peke yake, kausha, kisha piga pasi. Nguo kuukuu iliyofuliwa mara nyingi haina shida hiyo.

6. Jicho lipe siku yake

Watu wataangalia macho kwanza. Weupe wa jicho usiufanye mweupe wa shuka. Chagua kitambaa cha kijivu hafifu au cha maziwa, kwa sababu kope hutia kivuli juu yake. Weka mboni ya giza, na hakikisha kope la juu linaifunika kidogo, la sivyo utaonekana umeshtuka. Mwisho, kwa uzi mweupe, shona nukta moja ya mwanga kwenye kila mboni, zote upande ule dirisha lilipokuwa. Ukivuta uzi na nukta ile ikakaa, sura inaanza kukutazama.

7. Kaza, piga bandi, kisha shona

Nyuma ya kila kipande pigia pasi kile kitambaa cha gundi ambacho mafundi hukazia kola, ili kingo zisifumuke. Anza na kipande kikubwa cha uso mzima katika rangi ya kati, ongeza vivuli, malizia na sehemu zinazong'aa. Sasa panga tabaka: kitambaa cha nyuma chini, pamba au blanketi jembamba katikati, sura juu. Piga bandi kuanzia katikati kwenda pembeni ili kusibaki mikunjo. Kwenye cherehani tumia sindano namba 90 au 100 na mshono wa milimita 3 hivi. Fuata umbo la uso: shavu lishone kwa mviringo, shingo kwa mistari ya kushuka. Kama huna cherehani, mkono unatosha.

8. Mwaka wenyewe uonekane

Bila hatua hii utabaki na picha nzuri tu. Mwaka 1986 Faith Ringgold, msanii aliyezaliwa Harlem, alitengeneza mfarishi kuhusu safari yake ya kupunguza zaidi ya ratili 100 za uzito. Aliweka picha zake za miaka tofauti pamoja na maelezo yake kwa maandishi, na hakuficha alikotoka. Nawe fanya hivyo. Kovu la upasuaji lifuate kwa uzi mwekundu. Shati la aliyeondoka liweke karibu na kifua. Kata jina la kanga lenye neno lililokushikilia ulishone chini ya kidevu, na pindo la kanga hiyo lizungushe pande nne liwe fremu.

9. Andika nyuma

Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wa hadithi za Biblia katika miaka ya 1880. Shida za fedha zilimlazimu kuuza kazi hiyo kwa dola 5. Alimweleza mnunuzi, msanii Jennie Smith, maana ya kila picha, naye Smith akayaandika maelezo hayo. Leo mfarishi huo uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, na tunaujua kwa undani kwa sababu maneno ya Powers yalihifadhiwa. Kwa hiyo shona kipande cheupe mgongoni mwa kazi yako, na kwa kalamu isiyofutika andika jina lako, mwaka, na kila nguo ilitoka wapi. Wajukuu hawatakisia.

Ukimaliza, itundike unapopita kila siku, na usimuulize mgeni kama imefanana nawe. Huzuni haitaisha kwa sababu umeshona, lakini mwaka uliokunyima mengi utakuwa umekuachia kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Wiki hii fungua kabati, toa nguo moja, uikate kipande cha kwanza.