Lugha ya Kwanza Ndiyo Ipi?

Swali: Tunaishi Dar es Salaam. Binti yangu wa miaka saba anauliza kwa nini bibi yake anaongea Kisukuma, na yeye Kiswahili tu. Nimjibu nini?

Jibu: Mwambie lugha ya kwanza ni ile aliyoisikia na kuisema tangu utotoni, kabla ya mwalimu yeyote. Yake ni Kiswahili. Ya bibi ni Kisukuma. Wapo watoto wenye mbili kwa pamoja, wala hawachanganyikiwi.

Umuhimu wa lugha ya kwanza auonje mwenyewe. Mwombe asimulie ugomvi wa leo shuleni kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Mara ya pili ugomvi wote utabaki maneno matatu! Ndiyo maana kusoma hujifunzwa kwa wepesi zaidi katika lugha ambayo mtoto tayari anaielewa.

Akikua kidogo, msimulie ya Dhaka, katika Bangladesh ya leo: tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi walipigwa risasi wakidai Kibengali kitambuliwe kuwa lugha rasmi. Siku hiyo sasa ni Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama.

Ila tafadhali, Kisukuma usikiite "kilugha" mbele yake. Mpigie bibi asubuhi, binti aanze na "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, halafu waachie simu.